Zamu ya usiku inaanza saa saba mchana

Madaktari tarajali wanapofika wodini kwetu hawamalizi wiki kabla hawajaniuliza, "Dokta, wewe usiku unakaaje macho?" Nami huwauliza kwanza mchana walilala kuanzia saa ngapi. Wengi hawakulala. Walifua, walikwenda benki, walimsindikiza ndugu kliniki, wakaoga, wakaja kazini. Uchovu wa usiku unatengenezwa hapo, na hapo ndipo pa kuanzia kuupunguza.

Mimi ni daktari wa wodi ya wazazi katika hospitali ya rufaa ya mkoa, mji wa pwani. Zamu yetu ya usiku inaingia saa mbili na kutoka saa mbili, ila ukiweka kukabidhi wagonjwa na mkutano wa asubuhi, mtu anafika getini saa nne. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wadogo zangu wa kazi, na ndiyo ninayoyafuata mwenyewe, mama wa watoto wawili wadogo, katika nyumba isiyo na ukimya.

Kwanza jua unapambana na nini. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, na saa hiyo inajirekebisha kwa mwanga wa jua. Wewe kuandikwa kwenye ratiba ya usiku hakuibadilishi. Ikifika karibu saa kumi alfajiri, joto la mwili limeshuka hadi chini kabisa na mwili mzima unadai kulala, hata kama mbele yako kuna mama anayetokwa damu. Juu ya hilo kuna deni la pili: tangu ulipoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na kinachoipunguza ni usingizi tu. Kahawa haiipunguzi. Inaziba milango yake kwa muda.

Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ambayo kila mpanga ratiba angepaswa kuyajua. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake unashuka hadi kulingana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama mwenye asilimia 0.10. Sasa piga hesabu ya kwetu. Daktari aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akahangaika na mambo yake mchana kutwa, akaingia zamu saa mbili usiku, anatimiza saa 17 saa tano usiku. Usiku wenyewe bado hajaufikia. Mwaka 2004 Christopher Landrigan na wenzake huko Boston walionyesha kwamba madaktari tarajali wa wodi za wagonjwa mahututi waliokuwa kwenye zamu ndefu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya walipofanya kazi kwa ratiba iliyofupishwa. Walikuwa watu wale wale, wenye elimu ile ile. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kuchoka ni uzembe, wala kwamba daktari jasiri halali.

Usingizi wa mchana

Lala kati ya saa saba na saa kumi mchana. Saa hizo mwili wenyewe unalegea kidogo, ndiyo maana baada ya chakula cha mchana macho huwa mazito. Jitahidi upate angalau dakika 90, ambazo ni karibu mzunguko mmoja kamili wa usingizi. Ukipata usingizi wa saa mbili na nusu, ni bora zaidi. Ikifika saa kumi na moja uwe umeamka na umeoga, ili usifike kazini kichwa kizito. Kama ni usiku wako wa kwanza kwenye ratiba, asubuhi ya siku hiyo usiamke mapema bila sababu. Ukishaswali alfajiri, au ukishawapeleka watoto shule, rudi kitandani.

Kulisema hili ni rahisi. Kulitekeleza kwenye nyumba zetu ndiko kwenye kazi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu ninavyofanya.

Joto ndilo adui wa kwanza. Saa nane mchana mwezi wa pili, chumba cha pwani kinachemka. Naoga maji ya kawaida, sijifuti mpaka nikauke, najifunga kanga moja na kulala mbele ya feni. Maji yakikauka mwilini yanaondoka na joto. Feni ina faida ya pili: mvumo wake unafunika kelele za nje, fundi wa vyuma wa mtaa wa pili na yule kijana wa spika anayenunua vyuma chakavu. Kelele zikizidi, pamba masikioni. Dirishani nimetundika shuka nene la rangi ya kahawia nyuma ya pazia, kwa misumari, kwa sababu pazia peke yake linapitisha mwanga na mwanga unaiambia saa ya ubongo kwamba bado ni mchana. Simu inabaki sebuleni. Waliopo kwenye ile orodha ya kuita hata simu ikiwa kimya ni wawili tu: shule ya mtoto na mkuu wangu wa idara.

Adui wa pili ni mapenzi ya watu. Kwetu hodi haikataliwi. Jirani anapita, shangazi anapita, na mwanamke anayelala mchana kweupe anasemwa. Nilikaa na baba watoto na dada wa kazi tukakubaliana: kanga nyekundu ikining'inia kwenye kitasa cha chumba, mama yuko kazini. Watoto waliielewa kabla ya watu wazima. Mgeni anakaribishwa, anapewa maji, anaambiwa nitaamka saa kumi na moja. Mama mkwe alipokuja kutusalimia mara ya kwanza baada ya utaratibu huo hakupendezwa, na sikumlaumu. Nilimwambia, "Mama, usiku huu kuna wanawake wa watu mikononi mwangu. Nikiingia nimechoka, ninaweza kukosea dawa." Alinitazama, akauliza dawa gani, nikamweleza. Tangu siku hiyo akiwepo nyumbani, yeye ndiye anayewanyamazisha wajukuu.

Nawaambia hasa madada. Daktari wa kiume akitoka zamu mara nyingi anaachwa alale. Wa kike anakuta vyombo, mtoto mwenye homa na swali la leo tunapika nini. Zungumza na watu wa nyumbani kabla ya mwezi wa zamu kuanza, siku ambayo hujachoka na huna hasira. Kama una uwezo wa kumlipa mtu akusaidie kufua wiki hiyo, mlipe.

Usingizi ukikataa kuja, baki umelala gizani, macho umefunga. Usiinuke kwenda kufanya kazi. Mara nyingi utasinzia bila kujua.

Kuanzia saa mbili hadi saa nane

Fika mapema kidogo, pokea wagonjwa kitanda kwa kitanda badala ya kupokelea mezani, na muulize mkunga anayetoka swali hili moja: "Sista, ni yupi kati yao anakutia hofu?" Jibu lake linaokoa saa nzima ya kupekua mafaili. Andika majina kwenye karatasi na kuikunja mfukoni. Baadaye usiku kumbukumbu itapungua, karatasi itabaki vile vile.

Kazi ya kufikiri ifanye sasa. Maamuzi ya nani aanzishiwe uchungu, nani anahitaji kupelekwa chumba cha upasuaji kabla hali haijageuka, dozi zipi zibadilishwe, yaamue kabla ya saa nane. Kazi za mkono na za kuzunguka ziache baadaye. Kaa kwenye mwanga mkali nusu hii ya kwanza. Pale wodini penye taa iliyoungua, omba ibadilishwe. Kunywa maji.

Kahawa na chai zina utaratibu wake. Kafeini inaanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, na nusu yake bado imo mwilini saa tano baadaye. Kikombe kikubwa kimoja saa tatu usiku kinakuacha saa tisa, wakati unapokihitaji. Kunywa kidogo kidogo: nusu kikombe saa tano, nusu nyingine ifikapo saa saba, na ya mwisho ifikapo saa nane na nusu, kisha basi. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina kafeini, ihesabu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani sivishauri. Kopo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini ya kama miligramu 80, sawa na kikombe cha kahawa, pamoja na sukari nyingi ambayo itakuangusha saa moja baadaye. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mjamzito asizidishe 200.

Chakula kizito kula nyumbani kabla ya kutoka. Usiku mwili haumudu sukari na wanga kama unavyomudu mchana, na sahani ya wali au chipsi mayai saa saba usiku inakulaza. Mimi nabeba karanga, ndizi mbili, yai la kuchemsha, wakati mwingine uji wa ulezi kwenye chupa ya chai.

Saa tisa hadi saa kumi na mbili

Hapa ndipo wagonjwa wanapoumizwa. Mambo mawili yafanyike: upate usingizi mfupi, na usiuamini ubongo wako.

Usingizi mfupi uwe wa dakika 20. Ukizidi nusu saa unaingia kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa humo utakuwa mzito kuliko ulivyolala. Ama basi upate dakika 90 kamili, jambo ambalo wodi ya wazazi haliwezekani mara nyingi. Mkiwa wawili, gawaneni: mmoja saa nane na nusu, mwingine saa tisa na nusu, na anayebaki anashika simu zote. Ukiwa peke yako, kama wengi wetu tulivyo, zunguka kwanza wagonjwa wote wa hatari, kisha mwambie sista wa zamu mahali utakapokuwa na dakika utakazolala. Jilaze kwenye kochi, mlango wazi, simu kifuani. Ukinywa zile tama za mwisho za kahawa kabla tu ya kujilaza, zinaanza kufanya kazi unapoamka.

Ukiamshwa, usitoe agizo ukiwa bado umelala. Kaa, weka miguu sakafuni, washa taa, nawa uso, kisha mwombe mkunga arudie maelezo tangu mwanzo. Dakika ya kwanza hadi ya kumi na tano baada ya kuamka akili bado haijarudi, hata kama mdomo unaongea vizuri. Kama ni dharura na lazima uamue hapo hapo, muulize sista aliye mbele yako: "Unaona niko sawa?" Wakunga wenye uzoefu wanajua kabla yako.

Kuhusu kutouamini ubongo, kanuni yangu ni hii: kati ya saa tisa na saa kumi na mbili hakuna dozi inayopigwa hesabu kichwani. Nitatoa mfano wa magineziamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, kwa sababu tunaitumia sana na haisamehe. Mama ameletwa na degedege, presha juu. Nasimama mezani na sista, karatasi ya dozi imebandikwa kwenye toroli, tunasemezana kwa sauti.

"Soma chupa."

"Magineziamu salfeti, asilimia 50."

"Ukubwa wa chupa?"

"Mililita kumi. Ndani gramu tano."

"Vuta mililita nane. Ni gramu nne."

"Nane. Naongeza maji ya sindano kumi na mbili. Jumla ishirini."

"Ishirini. Mshipani, taratibu, isipungue dakika tano."

Lile swali la ukubwa wa chupa msiliruke. Dawa hii inakuja kwa chupa za mililita kumi, na inakuja pia kwa chupa ndogo za mililita mbili. Wiki iliyopita stoo walileta zile, leo wameleta hizi, na macho yaliyochoka yanaona yalichozoea kuona. Kisha zinafuata gramu tano kwa kila tako, na kabla ya kila dozi inayorudiwa baada ya saa nne kuna vitu vitatu vya kukagua: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa. Kalisiamu glukoneti, dawa ya kuizima magineziamu ikizidi mwilini, iwe karibu. Daktari aliyelala vizuri anavikumbuka vyote. Aliyechoka ataruka goti, kwa sababu nyundo iko droo ya mbali. Ndiyo maana nyundo yetu imefungwa kwa kamba kwenye toroli hiyo hiyo.

Maagizo ya simu nayo yarudiwe na anayeyapokea, neno kwa neno. Na mkunga mdogo akisema "Dokta, hebu angalia tena," angalia tena, bila kununa. Ukimnunia saa kumi alfajiri, kesho atanyamaza.

Kurudi nyumbani

Njia ya kurudi inaua. Mwaka 2005 Laura Barger na wenzake waliripoti kwamba kwa madaktari tarajali wa Marekani, uwezekano wa kupata ajali ya gari baada ya zamu ndefu ulikuwa zaidi ya mara mbili ya baada ya zamu ya kawaida. Usiendeshe. Na kwetu niongeze: usipande bodaboda ukiwa umesinzia. Watu wanadhani abiria hana hatari, lakini usingizi wa sekunde tatu nyuma ya pikipiki kwenye tuta unatosha kukutupa barabarani. Panda daladala au bajaji, au lala nusu saa hospitalini kwanza. Mimi nilipatana na kijana wa bajaji wa pale getini awe ananichukua asubuhi za zamu kwa malipo ya wiki. Haikunigharimu sana.

Vaa miwani ya jua njiani, kwa sababu jua la asubuhi likiingia machoni linaiambia saa ya ubongo siku imeanza. Nyumbani: maji, uji au chai nyepesi bila kafeini, kuoga, kitandani kabla ya saa tano. Ukipata saa nne za usingizi ukitoka kazini na dakika 90 alasiri kabla ya zamu inayofuata, umejilipa sehemu kubwa ya deni. Baada ya usiku wa mwisho wa ratiba fanya tofauti: amka saa saba hata kama unataka kuendelea, toka nje kwenye mwanga, kisha lala mapema usiku.

Usimeze diazepamu ya kabati la wodi ili ulale. Nimeona wenzangu wakianza hivyo na wakapata tabu kuacha. Pombe nayo inaleta usingizi uliokatika katika. Kama unalala vya kutosha na bado umechoka wiki baada ya wiki, pima damu, pima sukari na tezi ya shingo, na kama unakoroma sana mwambie daktari. Kama hakuna kinachokufurahisha tena, hilo ni gonjwa lenye tiba. Nenda kaonwe kama mgonjwa mwingine yeyote, usijiandikie dawa mwenyewe.

Kwa wanaopanga ratiba

Haya yote niliyoandika mtu mmoja anayaweza kwa kiasi tu. Ratiba mbovu inayashinda. Wakuu wa idara, tafadhali: usiku usizidi mitatu au minne mfululizo. Mzungusho uende mbele, asubuhi kwenda mchana kwenda usiku, maana mwili unachelewa kulala kwa urahisi kuliko unavyowahi. Aliyetoka usiku asiitwe kliniki mchana wake. Mkutano wa asubuhi uanze na wagonjwa wa usiku, kisha waliowahudumia waruhusiwe kuondoka. Tengeni chumba kidogo chenye kitanda, shuka safi na neti, na mtangaze wazi kwamba dakika 20 za kulala zinaruhusiwa, ili watu wasijifiche stoo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inasema mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Usiku inauhesabu kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamlinda mjamzito asipangiwe usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Mdada mwenye ujauzito asiachiwe aombe hilo kama fadhila. Aondolewe kwenye karatasi ya usiku na mpanga ratiba mwenyewe.

Na mnapojadili kifo cha mama au cha mtoto mchanga, kwenye fomu ongezeni mistari miwili: saa ya tukio, na saa ambazo daktari na mkunga walikuwa macho kabla yake. Sisi tuliianza mistari hiyo kwa kalamu, pembeni ya fomu, kabla haijachapwa. Ndiyo tuliyokwenda nayo kwa uongozi kuomba daktari wa pili wa usiku, na safari hiyo walitusikiliza.